Salamu za Kichuguuni

Paukwa.

— Pakawa.

Mmejibu kama mliolazimishwa. Paukwa?

— Pakawa!

Haya. Pakawa bwawa na kelele zake, pakawa kichuguu na wazee wake. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize.

Bwawa lilikuwa la Kiboko. Kila mnyama alikwenda pale kupayuka habari zake, na kila aliyekwenda alimpelekea Kiboko fungu la majani. Kiboko akala, akanenepa, akataka zaidi.

Bi Sange, kizee mdogo mwenye pua ndefu, alifiwa na mumewe. Watoto walishahamia ng'ambo ya mto. Upweke ukamuuma, akaenda bwawani, akasema, "Mume wangu amekufa." Vyura wakasema kwa-kwa-kwa. Nyani wakacheka yao. Kiboko akauliza, "Majani yako wapi?" Hakuna aliyempa pole. Hata mmoja, nawaambia.

Akarudi analia na kukohoa. Njiani akapita kwenye kichuguu kikuukuu chenye shimo, na ndani wamekaa Mzee Kobe, Bi Kanga na Nungunungu, vikongwe watupu. Kobe akamwita, "Dada, kaa kwanza. Habari za kifua?" Akaeleza kifua. Akaeleza na msiba. Wakamsikiliza mpaka mwisho, kwani ndiyo ada yao: ukifika unamjulia hali kila mmoja, na jibu lake hulikatizi. Tangu hapo Bi Sange akawa na kwao.

Kiboko akasikia. Mchana mmoja akaja, gu, gu, gu. "Majani yenu yanapotea huku. Kuanzia leo wote bwawani, la sivyo nakikanyaga hiki kichuguu."

Bi Sange akawaza. Akikikosa kichuguu, atabaki kuongea na ukuta. Akatoka, akainama. "Tutakuja, bwana. Ila mgeni hutujulia hali kwanza. Mkubwa kama wewe, isije ikasemwa hukufunzwa salamu. Mlango wetu mdogo, kaa hapo nje."

Hapo nje jua lilikuwa la utosi. Kiboko akakaa, akaanza kuwajulia hali.

"Mzee Kobe, habari za magoti?"

"Magoti," akasema Kobe, "yalianza mwaka ule wa nzige..."

Ngozi ya Kiboko ikaanza kukauka. Kaka-kaka.

"Fupisha, mzee."

"Umekatiza, bwana," akasema Bi Sange. "Anza upya."

"Habari za magoti?"

"Magoti yalianza mwaka ule wa nzige..."

Kaka-kaka. Ngozi ikapasuka mgongoni.

"Fupisha!"

"Anza upya, bwana."

Na bado Bi Kanga na macho yake, bado Nungunungu na tumbo lake. Kiboko akainuka, akakimbia, gu-gu-gu mpaka majini, chubwi. Hakurudi. Lakini akatangaza bwawani kwamba kichuguuni kuna ugonjwa unaopasua ngozi, na hakuna mgeni aliyekwenda tena.

Wakabaki wao kwa wao. Kiangazi kikamchukua Bi Kanga. Baridi ikamchukua Nungunungu. Masika yalipoingia, Bi Sange akafa. Kule bwawani hakuna aliyejua. Kobe alifika jioni, mwendo wake mnaujua, akamzika peke yake, akakaa kando ya kaburi.

"Habari za kifua, dada?"

Akasubiri jibu. Hakukatiza.

Haya, funzo. Mkikutana na mzee msimuulize hali, mtachelewa. Piteni mwende bwawani, kuna watu wengi.

Ngano naiweka chini hapa. Mwenye haja nayo aiokote, asiye na haja airuke akalale.