Mwenye Jina na Mpishi Wake

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya mawe katika milima ya Upare, akaionea fahari kupita kiasi. Aliitwa Mbonea. Mawe aliyapasua mwenyewe, kuta alizisimamisha mwenyewe, na hilo neno "mwenyewe" halikumtoka mdomoni. Mkewe, Namkunda, alilima, akavuna, akapika, na kwa chakula hicho mwanamume akapata nguvu za kupasua mawe. Hilo Mbonea hakulisema hata siku moja.

Ikafika siku ya kuwagawia watoto shamba mbele ya ukoo. Namkunda aliomba jambo moja tu: shamba litajwe kuwa la wote wawili, yeye na mumewe. Mbonea akakataa katakata. Basi mama wa watu akafunga virago arudi kwa ndugu zake.

Asubuhi hiyo, ukoo haujaketi bado, akapita mwalimu wa elimu ya mimea. Akasimama mbele ya ukuta, macho yamemtoka. Mawe yalikuwa na mabaka ya rangi ya chungwa lililoiva, bapa kama chapati, kingo zake zimechanika mfano wa vijani, na katikati pamejaa vikombe vidogo vidogo. Mbonea siku zote aliyaita kutu ya mawe.

Mwalimu akasema si kutu, wala si mmea. Ni viumbe wawili wanaoishi pamoja. Mmoja ni kuvu, jamaa ya uyoga, ndiye anayejenga nyumba na kulishika jiwe. Ndani yake anakaa mwani, mdogo asiyeonekana kwa macho, ndiye anayepika chakula kwa mwanga wa jua. Lakini wataalamu walipowapangia kundi lao, jina walilolitoa ni la kuvu peke yake.

Mbonea akacheka mpaka ukuta ukaitika. Loo, elimu imempa haki! Mwenye nyumba ndiye mwenye jina.

Namkunda alikuwa mlangoni, virago kichwani. Akauliza, "Mwalimu, mwani akiondoka, huyo kuvu atakula jina?"

Mwalimu akatikisa kichwa kukataa. Mbonea hakucheka tena. Alilitazama jiko lisilo na moto, na woga ukamwingia, woga hasa, mtu mzima yule. Akamtua mkewe mzigo kwa mikono yake. Ukoo ulipoketi, akatamka wazi kwamba shamba ni la Namkunda na lake, akaanza na jina la Namkunda. Wapo walioguna. Na wagune.

Ewe unayejiita mwenye nyumba, anayekulisha ndani ya jina lako ni nani, na umewahi kumtaja?