Nyati wa Sikudhani Juu ya Mgunga

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado hawajajifunza kuona haya, Bi Chui alizaa na Bwana Simba. Mtoto akaitwa Sikudhani. Alikuwa na madoa ya mama, mabega ya baba, na manyoya machache shingoni kama mtu aliyeanza kufuga ndevu akaghairi.

Simba wakamkagua. "Anapanda miti kama nyani. Mpelekeni kwa mama yake."

Chui wakamkagua. "Ananguruma. Chui hatangazi safari zake. Mpelekeni kwa baba yake."

Bwana Simba alikuwapo. Alikuwa na shughuli ya kutazama mawingu. Bi Chui alimnyonyesha mafichoni hadi alipoota meno, kisha akahama, asiuchafue ukoo. Aliyebaki kumtupia mifupa ni jirani, Bi Fisi, tena mifupa aliyokwisha kuiguguna.

Sikudhani akakua, akawapita wote kwa umbo.

Ukaja ukame. Simba wakiangusha mnyama, fisi wanawanyang'anya. Chui wakipandisha windo mtini, ni sungura. Sikudhani, tumbo limemshika mgongo, akaangusha nyati mzima, akamburura hadi juu ya mgunga. Hakuna simba wala chui aliyewahi kuliweza hilo.

Kabla hajauma, jamaa wakafika. Ajabu, hakuna aliyepotea njia.

"Mwanangu!" akanguruma Bwana Simba, neno ambalo bila shaka alikuwa akilitafuta miaka yote. "Kwetu baba ndiye huanza kula. Mabega hayo umeyatoa wapi? Na wadogo zako wanakufa njaa."

"Mabega ndiyo yaliyompandisha nyati?" akadakia Bi Chui. "Kucha ni zangu, maziwa ni yangu. Sogea, mwanangu, mama yako apande."

Bi Fisi akacheka hadi akakaa chini. "Mimi simo kwenye bega wala kwenye kucha. Lakini mifupa yangu, hata ikiwa na mate, ilimfikia."

Sikudhani akameza mate. "Baba, kwa desturi ya simba, wewe uanze. Mama, kwa desturi ya chui, aliyeua hula peke yake, hata mzazi hamgawii. Mliniambia mimi si simba, tena si chui. Leo nile kwa desturi ya nani?"

Hapo Bwana Simba akarudi kutazama mawingu.

Tawi likaalika kwa uzito wa nyati. Likaalika tena. Fisi wengine wakajisogeza chini ya mti, wameshafungua vinywa.

Haya, ninyi mnaojua haki za watu: tonge la kwanza, nani alistahili?