Jivu la Magesa na Kisima cha Kirumbe

"Mkataa jivu humnywesha mamaye shimo." Mmeyasikia leo asubuhi maneno hayo, wajukuu zangu, Mzee Mugeta alipomtupia Bwire mbele ya watu. Bwire anaona haya kumpakia mama yake kwenye mkokoteni wa punda ampeleke zahanati na mguu wake uliovimba. Anasubiri gari la rafiki yake lije kutoka mjini, litakapokuja. Nanyi mmecheka, kwa sababu maneno yenyewe yana harufu ya choo. Haya, chekeni mmalize. Kisha kila mtu achukue mahindi yake apukuchue, maana methali hii ilizaliwa hivi, na aliyekuwepo ilipozaliwa hakucheka.

Kijiji chetu cha Kirumbe hakikuwa huku bondeni. Kilikuwa juu kule, kwenye yale majabali mnakopeleka mbuzi. Udongo wa kule ni mchache, jembe likishuka kidogo tu linagonga mwamba. Watu hawakuwa na vyoo vya shimo. Walikwenda vichakani upande wa machweo, mbali na kisima, na ole wake aliyevuka mpaka. Kisima kilitoka chini ya jabali kubwa, maji yake baridi, matamu, na kijiji kizima kilikuwa hai kwa sababu ya kisima hicho.

Mlinzi wake alikuwa Bi Nyanjura, mjane aliyeirithi kazi hiyo kwa mama yake. Kila masika yakiisha, kisima kilifungwa kikasuguliwa, kisha watu wakakusanyika kukifungua. Mlinzi alichota kata ya kwanza akanywa peke yake, akaenda kulala. Kesho yake akija kisimani kwa miguu yake mwenyewe, watu wanateka. Asipokuja, hakuna anayegusa maji. Na kama akikataa kunywa, basi amesema mbele ya wote kwamba kuna mtu aliyechafua maji, na mtu huyo huhama mlima na nyumba yake yote, awe nani. Tangu wazee wakumbuke, hakuna mlinzi aliyewahi kukataa.

Bi Nyanjura alikuwa na mtoto mmoja tu, Magesa. Huyu alikuwa mpishi kwenye kambi ya wapasua miamba, mbali huko kusini, mahali pa mawe kama kwetu. Kambini walikuwa na choo cha ajabu: kiti cha chuma chenye bomba la moshi. Unatandika karatasi, unajisaidia, unafunika, unabonyeza. Gesi inawaka ndani, moto unakula kila kitu, na mwishowe linabaki jivu la kujaa kiganja, kavu, halina harufu hata kidogo. Hakihitaji maji wala shimo. Magesa alikitumia choo hicho miaka yote aliyokaa kule, na wala hakikumdhuru. Kambi ilipofungwa, wenzake waliomba magodoro na masufuria. Yeye aliomba choo.

Alirudi nacho pamoja na mitungi yake ya gesi, akajenga nyumba ya matofali kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake, hapo hapo juu ya jabali la kisima. Mama yake alipoonyeshwa kile kiti alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akakizunguka, akagonga sakafu kwa kisigino.

"Mwamba huu una mishipa, mwanangu," alisema. "Mvua ikinyesha hapa kwako asubuhi, jioni kisima kimejaa. Kikimwagika kitu hapa, tutakinywa kule. Lakini moto hauchuruziki. Umefanya jambo la maana."

Magesa alifurahi kusifiwa. Kwa siku chache alitembea kijijini kifua mbele, kama mtu aliyeleta umeme.

Sasa njooni kwenye ukwe. Mke wa Magesa, Perusi, alikuwa na mama yake mjini, mama mtu mzima mwenye maneno, akiitwa Nyabweke. Naye alikuwa aje kuiona nyumba mpya. Mnajua mwiko wetu: mkwe na mama mkwe hawakalii kigoda kimoja, hawali sahani moja, hawaingii choo kimoja. Zamani vichaka vilikuwa vingi na mwiko haukumsumbua mtu. Lakini choo cha moto kilikuwa kimoja, na trei yake ya jivu ilikuwa moja.

"Jivu lenyewe anazoa nani?" Perusi aliuliza.

"Mimi. Kazi ya kupepesa macho tu."

"Jivu la mama yangu, Magesa? Uzoe wewe?"

Na neno likitoka nyumbani halikosi miguu. Jioni lilikuwa limeshafika kilabuni. Wanaume walishika matumbo. Mmoja alisema mama mkwe atabanikwa kama sato, mwingine akasema Magesa atampokea kwenye trei na chumvi pembeni. Wakampa jina, Bwana Jivu, na watoto wakalichukua. Nyabweke naye akatuma salamu kutoka mjini kwamba hatakanyaga nyumba ambayo mkwe wake atamkorogea jivu lake, na kwamba watu wazima siku hizi wana choo cha kuvuta na shimo la septiki.

Magesa alikuwa amewapikia wapasua miamba, amekula vumbi, amelala na nge. Hayo yote aliyaweza. Kuchekwa hakukuweza.

Bi Nyanjura alipopata habari alikwenda kwake. "Kwani tatizo liko wapi?" alimwambia. "Siku mama yake akiwepo, wewe nenda kichakani kama baba yako, na Perusi azoe jivu. Binti hana mwiko na jivu la mama yake."

"Mama, watu wanacheka."

"Watacheka mpaka wachoke. Watu huchoka."

"Wewe hujui aibu ya mwanamume."

Bi Nyanjura alimtazama, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Alikuwa amemlea bila baba, amemfukuzia njaa na ndui na wanyang'anyi wa shamba, na leo anaambiwa hajui.

Kiti cha chuma kikapelekwa kwenye banda la mbuzi, kikafunikwa gunia. Mafundi wakaja. Walikoka moto mkubwa juu ya mwamba mpaka ukawiva, wakaumwagia maji ya baridi, mwamba ukalia ukapasuka. Wakarudia hivyo mpaka wakapata shimo la kutosha. Kuta wakazipiga saruji, chini wakaacha wazi ili maji yapate pa kwenda.

"Yaende wapi?" Bi Nyanjura aliuliza.

"Yapotee tu, Mama," Magesa alijibu.

"Mlimani hakuna kinachopotea."

Choo kikakamilika, cheupe, kina marumaru mpaka kiunoni. Nyabweke akaja, akaingia, akavuta, akatoka akisema hata mjini si wote walio nacho kama hicho. Magesa yeye alikwenda kichakani siku zote alizokaa mkwe wake, kama vile mama yake alivyomshauri kwa choo kile kingine. Hakujiuliza. Perusi alikuwa akipanda na ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani, wakiyavuta chooni, na maji yakashuka kimyakimya kurudi yalikotoka. Pale kilabuni jina la Bwana Jivu likafa. Wakaanza kumwita Mzee wa Marumaru, naye akaitika.

Masika yakanyesha mwaka huo kwa hasira. Yalipoisha, kisima kikasuguliwa, watu wakakusanyika kukifungua. Nyabweke naye alikuwepo, amekuja kushuhudia mila za wakwe. Bi Nyanjura akainama, akachota kata ya kwanza, akaileta mdomoni. Ikasimama hapo.

Wa mbele walimwona pua ikitetemeka. Alishusha kata kidogo, akaangalia juu ya jabali, kwenye ile nyumba ya matofali, kisha akamwangalia mwanawe. Hakuhitaji kutaja jina. Watu wakaanza kunong'ona, na mnong'ono ukazunguka mpaka ukamfikia Magesa, naye akatoka mbele, jasho likimtiririka.

"Mama, kunywa," alisema kwa sauti ya chini.

"Yananuka, Magesa."

"Ni majani ya masika. Kila mwaka kuna majani."

"Nimekunywa maji ya masika tangu sijaota meno. Haya si majani."

"Mama, ukiyakataa nitafukuzwa mlimani. Mimi na Perusi na watoto. Mbele ya mkwe wangu. Unataka nionekane mtu gani?"

Bi Nyanjura aliishika kata kwa mikono miwili. "Mwanangu," alisema, "unaniomba ninywe maji, au unaniomba ninywe aibu yako?"

Magesa angeweza kusema lolote. Angeweza kuipiga ile kata ikaanguka. Angeweza kusema, Mama, acha, nahama, na leo tungekuwa tunamwimba. Alitazama chini, akasema, "Kunywa tu, Mama."

Akanywa. Aliimaliza yote, akaigeuza kata ili watu waone ni tupu, akapita katikati yao akaenda kulala.

Asubuhi watu walikuja na ndoo zao wakapanga mstari. Jua likapanda, likachoma migongo, mlinzi hakuja. Hakuna aliyeuliza. Mmoja mmoja waliokota ndoo zao wakarudi nazo tupu.

Tumbo lilikuwa limemshika mama yule tangu usiku, kutapika na kuhara bila kituo, na hakuwa na nguvu za kutoka nje. Magesa alikimbilia banda la mbuzi, akalivua lile gunia, akakibeba kile kiti cha chuma peke yake mpaka chumbani kwa mama yake. Akamwinua akamkalisha, akamshika mabega asianguke. Akawasha moto. Kila mara moto ulipozima alivuta trei akazoa jivu kwa mikono yake, akalipeleka nje, akarudi. Hakumruhusu Perusi aguse. Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni akiona yote, na Magesa hakumwona.

"Ona," Bi Nyanjura alimwambia wakati mmoja, sauti imekwisha. "Kumbe si kazi ngumu."

Aliomba maji. Hilo ndilo lililomvunja Magesa. Mtungi ulikuwa na maji, yale yale ya kisima, naye hakuthubutu kumpa. Alitoka mbio kushuka mpaka ziwani, chini ya mlima, na kibuyu, njia yote ile ya mawe, na aliporudi amekijaza alikuta wanawake wamekwisha kumfunga mama yake kidevu.

Walimzika karibu na kisima. Ilipofika zamu ya mwana kuweka udongo, Magesa alinyoosha viganja, na bado vilikuwa na jivu kwenye mistari yake. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Nilikataa jivu, nikamnywesha mama shimo."

Mtadhani walimfukuza. Hawakumfukuza, kwa sababu mlinzi hakukataa maji. Alikuwa ameyanywa mbele ya wote, na kwa mila yetu mwanawe hakuwa na hatia. Hicho ndicho alichomnunulia kwa roho yake. Lakini maji hayakurudi kuwa maji. Magesa alilijaza lile shimo mawe, kuanzia asubuhi hadi kiza, masika mawili yakapita, na kisima kikanuka vile vile. Watu wakaanza kushuka na mizigo yao, nyumba baada ya nyumba, mpaka huku bondeni mlikozaliwa ninyi. Yeye alibaki juu peke yake na kile kiti. Perusi alichukua watoto akarudi mjini kwa mama yake. Kilabuni hawakumwita tena Bwana Jivu wala Mzee wa Marumaru, hawakumwita kabisa. Waliyachukua maneno yake ya kaburini wakayanyoosha yakawa methali, wakaitumia kuonyana, na yeye akaishi miaka mingi akiisikia midomoni mwa watoto wanaopita na mbuzi, wasiojua kwamba aliyeisema ndiye huyo mzee anayewatazama.

Na wale waliomcheka kilabuni? Nao walizeeka, wajukuu zangu. Walicheka mpaka wakachoka, maana watu huchoka. Bi Nyanjura alikwisha kulisema hilo mapema.

Sasa acheni mahindi. Wawili wenu waende kwa Bwire wakamsaidie kumfunga punda, na tandikeni godoro kwenye mkokoteni ili mama asiumie njiani. Akisema bado anasubiri gari, msibishane naye, wala msicheke. Mwambieni tu, taratibu, akiwa anamtazama mama yake: mkataa jivu humnywesha mamaye shimo.