Mpima Ardhi Aliyetaka Amina Mkononi

Alikuwepo mpima ardhi mmoja, wapendwa, mtu wa vipimo na mtu wa bikoni. Kama umewahi kugombana na jirani kuhusu mpaka, kazi yake unaijua. Anafika na mashine yake ya miguu mitatu, anafumba jicho moja, anasema, "Hapa," na hapo inachimbiwa nguzo fupi ya zege, ndiyo bikoni. Baada ya hapo mnaweza kununiana mpaka mchoke, lakini mpaka haubishaniwi tena. Mtu huyu aliamini jambo moja kuliko mengine yote: kitu kisichowekewa alama kitasogezwa. Shamba lisilo na bikoni litaliwa na jirani, polepole, jembe kwa jembe.

Mtu huyu alikuwa amefiwa na mkewe.

Sasa, mkewe ndiye aliyekuwa mwombaji wa nyumba ile. Asubuhi aliomba yeye, chakula alibariki yeye, na gari likitaka kuondoka alisimama mbele yake akaliombea, hata kama waliomo ndani wameshachelewa na wanaangalia saa. Mume alikuwa na kazi moja tu katika ibada zote za nyumbani: kusema "Amina." Na aliisema vizuri, tusimnyime haki yake. Aliisema kwa sauti nzito, kwa wakati wake, hakuwahi kuikosea. Wageni walidhani ni mtu wa sala sana.

Baada ya msiba alikaa mezani peke yake, sahani mbele yake, akafumba macho kama alivyozoea. Akasubiri. Kimya. Akasubiri tena. Wali ukapoa. Mwishowe akasema, "Amina," akafumbua macho, akala. Ndivyo alivyokula mwaka mzima. Mnacheka. Chekeni, hakuna ubaya. Mkewe angekuwepo angecheka kuliko ninyi.

Na angeweza kuendelea hivyo, maana ukiwa peke yako mezani hakuna wa kukushtaki. Lakini binti yake akachumbiwa. Na mnajua desturi yetu: siku ya kumuaga binti, kabla hajakabidhiwa kwa watu wengine, mzazi humwekea mkono kichwani na kumwombea, ukoo huu unasikia na ukoo ule unasikia. Kazi hiyo ingekuwa ya mama. Wiki ya sherehe, shemeji yake, dada wa marehemu, akapiga simu.

"Shemeji, Jumamosi kubariki ni wewe."

"Si mchungaji atakuwepo?"

"Mchungaji atakuwepo kula. Mtoto ni wako."

"Basi mbariki wewe, shemeji. Sauti yako na ya dada yako ni moja."

"Ndiyo maana siwezi. Nikifungua mdomo tu, mtoto atalia mpaka poda yote imwishie usoni." Akashusha sauti. "Amekutaka wewe, shemeji. Amesema hataki mtu mwingine. Na uvae ile suti nyeusi. Ikikubana tutaachia vifungo."

Mpima ardhi akaanza mazoezi. Alijaribu bafuni, akafika "Mungu wetu," akakwama. Alijaribu ndani ya gari, akafika "Mungu wetu mwema," akawasha redio. Kila alipofumba macho, masikio yake yalimsubiri mke wake aanze.

Akamkumbuka mpwa wake, kijana aliyepotea mjini kwa muda, kisha akarudi nyumbani na ndege tai amechorwa begani, akitangaza kwamba tangu siku aliyochorwa tai yule amejipata. Mjomba hakuona alichokipata. Hata kazi alikuwa hajapata. Lakini alionekana ametulia. Mpima ardhi akawaza kwa akili ya kazi yake: huenda tatizo ni kwamba imani yangu haina alama. Ilikuwa imechimbiwa kwa mke wangu, naye ameondoka nayo. Ngoja niweke bikoni kwenye mwili wangu mwenyewe.

Najua wapo kati yenu ambao vidole vimeshaanza kutafuta mstari wa Biblia unaokataza kujichora mwili. Vitulizeni kwanza.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya sherehe, akaenda kwa mchora tatuu. Chumba kilikuwa nyuma ya saluni ya wanawake, kimetengwa kwa pazia. Fundi alikuwa kijana mwenye hereni masikio yote mawili, na mikono iliyochorwa mpaka huoni shati linaishia wapi.

"Shikamoo, mzee. Kinyozi ni mlango wa pili."

"Marahaba. Sikuja kunyoa. Nimekuja kuchorwa."

Kijana alichungulia nje kuona kama kuna mtu anarekodi. Hakuona mtu.

"Mzee, na mama nyumbani anajua?"

"Mama hayupo."

"Haya. Akirudi usimwambie ni mimi. Unataka mchoro gani?"

"Nataka kitu chenye maana ya kiroho."

"Umefika," akasema kijana, akafurahi kweli. "Kuna simba. Simba wa Yuda. Begani anatoka vizuri mno."

"Simba? Kijana, mimi ni Yanga tangu sijaota ndevu. Nitavuaje shati mbele ya watu?"

"Basi njiwa. Roho anashuka. Tazama."

Mpima ardhi akavaa miwani, akautazama mchoro kwa karibu, kisha kwa mbali, kama anavyotazama ramani yenye kasoro. "Huyu hashuki. Huyu anaingia bandani. Huyu ni kuku."

"Mzee!"

"Ana miguu ya kuku."

Kijana akaficha picha ya njiwa, akatoa nyingine. "Kuna maandishi haya ya Kiebrania. Haya ni mazito."

"Yanasema nini?"

"Yanasema mambo ya Mungu."

"Mambo gani?"

"Mteja mmoja aliniletea, nikamchora mgongoni. Mpaka leo hajarudi kulalamika."

"Atalalamikaje kitu kilichoko mgongoni? Msalaba je?"

"Msalaba ni kazi rahisi," akasema, akimfungulia soda. "Hutamaliza hata hii."

Hapo mpima ardhi akavunjika moyo. Alikuwa ameomba ruhusa kazini siku nzima. Alikuwa amejiandaa kwa maumivu. Msalaba unaokwisha kabla ya soda? Ninyi mngeukubali? Tusijibu haraka, wapendwa. Wengi wetu ndio tulionao.

Akavua koti, akakunja mkono wa shati. "Niandikie neno moja," akasema. "Amina." Akatoa futi yake mfukoni, akapima kutoka kiwiko hadi kiganja, akaonyesha katikati. "Hapa."

Kijana akalichora neno kwenye karatasi maalumu, akailowanisha, akaibandika kwenye mkono, akaibandua. Likabaki neno kwa rangi ya zambarau, limenyooka, ili sindano ije ipite juu yake. Akawasha mashine. Mashine ikanguruma kama nyuki kwenye chupa. Akaisogeza.

"Ngoja," akasema mpima ardhi. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi na vyombo vinavyotaka utulivu, hakuhitaji kuambiwa. "Mkono wako unatikisika."

"Ni mashine, mzee."

"Mashine inanguruma. Mkono ndio unatikisika."

Kijana akaizima. Akakaa chini, na ule ujanja wote wa hereni ukamtoka, akabaki mtoto wa watu. "Nisamehe, baba. Mke wangu yuko leba tangu alfajiri. Ni mimba ya kwanza. Wamenizuia kuingia, wamesema nisubiri simu. Nikaona nifungue duka, nisikae bure nikawaza."

Mpima ardhi aliyajua mabenchi ya hospitali. Alijua lipi lina mguu mfupi.

"Baba," akasema kijana, "wewe ni mtu wa Mungu. Mtu haandiki Amina bure. Niombee."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mkubwa hapa."

"Wale mama wa saluni je? Wanawake wanaomba vizuri."

"Wale wameshaniombea wote, na mmoja amenipaka mafuta mpaka nimeteleza. Niombee wewe."

"Kijana, mimi sala yangu..." Akatafuta neno. "Mimi najua mwisho wake tu."

Kijana akautazama ule mkono uliokunjwa shati, na neno la zambarau katikati, palepale palipopimwa. Akasema bila dhihaka yoyote, kama mtu anayeona kazi imefika nusu: "Basi Amina ipo tayari, baba. Imebaki sala."

Wapendwa, mtu anaweza kumkwepa shemeji. Anaweza kumkwepa mchungaji. Lakini utamkwepaje kijana anayetetemeka mbele yako, wakati mkono wako mwenyewe umeshakutangaza?

Mpima ardhi akafumba macho. Akasubiri, kwa mazoea. Hakuna aliyeanza. Ndipo akaanza yeye.

"Mungu," akasema. "Mimi si mzoefu. Aliyekuwa anaongea na wewe nyumbani kwangu unaye huko. Huyu kijana ana mke. Mrudishe nyumbani. Mrudishe akiwa mzima, na mtoto akiwa mzima. Nyumba bila mke, mpaka saa ya ukutani unaisikia ikigonga. Usimpe hiyo. Na mkono wake utulie, ana kazi. Basi. Nimemaliza."

Na yeye, aliyesema Amina maisha yake yote, akasahau kuisema.

Aliisema kijana. "Amina." Na nyuma ya pazia, ambako zile mashine za kukausha nywele zilikuwa zimezimwa bila mtu kugundua, wanawake wakaitikia kwa pamoja, "Amina!" na mmoja akaongeza, "Huyo mzee ni wa kanisa gani?"

Sitawaambia kwamba simu ililia papo hapo. Haikulia. Wala sitawaambia kwamba sala ile ndiyo iliyoamua mambo ya leba. Mke wa mpima ardhi aliombewa na kanisa zima, akazikwa. Nawaambia tu kilichoonekana: mkono wa kijana ulitulia. Akaishika mashine tena, akasema, "Sasa tuchore, baba."

Mpima ardhi akateremsha mkono wa shati. "Acha."

"Ile rangi ni ya karatasi tu. Ukioga inatoka."

"Itoke."

Wakakaa wawili wakisubiri. Wakagawana soda ile ambayo msalaba usingeimaliza. Jua lilipoanza kuinama simu ikalia, na kijana akasikiliza, akapiga ukelele, akasema, "Wa kike! Wazima wote!" akatoka mbio na mashine mkononi, akarudi kuiweka, akatoka tena, akaacha duka wazi. Mpima ardhi akabaki mlinzi. Akaingia msichana mmoja, akamkuta mzee wa miwani kwenye kiti cha fundi, akauliza kipepeo ni bei gani.

"Fundi hayupo, mwanangu," akamjibu. "Amekwenda kuwa baba. Ila njiwa usichukue."

Jumamosi alisimama mbele ya koo mbili, suti imembana, vifungo vimeachiwa. Akaweka mkono kichwani pa binti yake. Mkono wa koti ukapanda kidogo, na shemeji aliyekaa mbele akaona zambarau iliyofifia, akatoa macho, akamwinamia jirani yake. Mpima ardhi hakuona. Alikuwa amefumba macho, na safari hii hakumsubiri mtu. "Mungu," akasema, "huyu ni mtoto wa yule." Akakwama. Ukumbi mzima ukamngoja. Akaendelea, maneno mafupi, mengine yamepinda, na poda yote ya bibi harusi ikaisha usoni kama ilivyotabiriwa. Ukumbi ulipoitikia, sauti ilifika mpaka jikoni.

Sasa, wale wa vidole, fungueni ule mstari wenu. Someni. Uko palepale, sijaufuta. Lakini mkimaliza kuukagua mkono wa yule mzee, na tuikague ya kwetu. Sisi hatujachorwa. Sisi tuna kalenda ya kanisa ukutani, tuna kibandiko kwenye kioo cha gari, tuna msalaba mwembamba shingoni, tuna kitenge cha jumuiya kilichoshonwa vizuri. Bikoni tunazo, tena zimenyooka. Shamba lenyewe tumelima lini?

Na sisi tunaoitikia: ni nani anatuombea nyumbani, nasi tumekaa tukingoja zamu yetu ya kusema neno moja? Mama? Bibi? Binti? Siku akinyamaza, wali wako utapoa kwa muda gani?

Hatuambiwi tuombe kwa ufasaha. Mtu yule alisema "nimemaliza" kama anayekabidhi zamu, na ilitosha kwa kijana aliyekuwa mbele yake. Alitafuta maana ya kiroho begani, mgongoni, na katikati ya kiwiko na kiganja, kwa futi. Ilikuwa imekaa mbele yake, na hereni mbili, inatetemeka.

Leo ibada sitaifunga mimi. Geuka kwa aliye karibu nawe, usimchague. Muulize ana nini. Kisha mwombee, hata ukikwama, hata maneno yakipinda. Na wewe unayeombewa, kazi yako unaijua. Umeizoea miaka yote.