Kisu Kilichotoka Sikini Kikiwa Cheupe

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Sham alikuwako mhunzi aitwaye Ghalib, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyesifika kwa visu vyake. Alifua feleji, ule chuma kigumu, pamoja na chuma laini, kisha akakitumbukiza kisu katika siki ya moto. Feleji ikawa nyeusi, chuma laini kikabaki cheupe, na mawimbi yakajitokeza. Mnunuzi akiyaona, hujua kisu ni madhubuti.

Ghalib aliugua muda mrefu, kisha akafariki. Mkewe, Bibi Unaisa, alikuwa bado amekaa eda pale Zuhair, mkuu wa walinzi wa msafara wa mahujaji, alipoleta kisu chake mlangoni. Mawimbi yalikuwa yamefutika kwa kunolewa, naye akaomba yarudishwe kabla msafara haujaondoka. Kwa kisu cha kweli hiyo si kazi, maana mawimbi yamo ndani ya chuma chenyewe.

Unaisa akakitia sikini. Kikatoka cheupe kitupu. Akakitia tena, akasubiri, kikatoka vilevile. Hapo akafahamu, na moyo ukamuuma sana. Mumewe alipoishiwa nguvu za kufua, alikuwa akichora mawimbi kwa nta juu ya chuma laini, na siki ikala palipobaki wazi, ikaacha alama za juu juu tu.

Kaka yake Unaisa, Hudhaifa, aliyekuwa akimhudumia, akamshauri achore tena kwa nta na anyamaze, kwani tumeamrishwa kusitiri aibu za maiti. Na tuseme kweli, wengi wetu tungeipokea fatwa hiyo kwa mikono miwili.

"Aibu ya maiti husitiriwa, kaka," alisema Unaisa, "lakini haki za watu hurudishwa. Zuhair na wenzake wanakwenda kulinda mahujaji jangwani kwa visu hivi. Niitie wote walionunua tangu Ghalib alipoanza kuugua."

Hudhaifa akamwonya kwamba jina la marehemu litachafuka mji mzima.

"Na lichafuke hapa, ambapo naweza kumwombea radhi. Kesho mbele ya Mola sitaweza."

Walinzi wakaja. Nyuma ya pazia, Unaisa alivitia visu sikini kimoja kimoja. Kilichotoka cheupe alikivunja, akampa mwenyewe kisu cha kweli katika vile alivyoachiwa, navyo ndivyo vilivyokuwa riziki yake. Naye akamwomba kila mmoja amsamehe mumewe. Wengine walinung'unika, na mmoja akamtukana marehemu. Unaisa akamwacha amalize, kisha akamwomba tena.

Ilipofika zamu ya Zuhair, visu vizuri vilikuwa vimekwisha. Unaisa akamwambia hana cha kumpa.

"Kisu nitapata kwingine, bibi," alisema Zuhair. "Ghalib nimemsamehe."

Wenzake wakasema hivyo hivyo, hata yule aliyetukana. Ndipo Unaisa akalia, naye hakuwa amelia tangu siku ya mazishi.

Ndugu zangu, maiti wetu tunawalilia sana, na hitima tunawasomea, pilau likapikwa watu wakashiba. Lakini ni nani kati yetu amepiga hodi kwa jirani akamuuliza, "Marehemu wetu alikukosea nini?"