Verna Messick na Kiti cha Kinyumenyume

Kushinda hakuna anayefundishwa. Kushindwa ndiko kwenye kazi. Wahenga wanaposema asiyekubali kushindwa si mshindani, wanamaanisha kwamba mtu anayeingia uwanjani akiwa tayari kwa ushindi tu hakuja kushindana, amekuja kupigiwa makofi. Huku kaunti ya Sussex, jimbo la Delaware, methali hii haiishii mdomoni. Inapandishwa kwenye gari la farasi.

Uchaguzi ukishafanyika Jumanne, Alhamisi yake watu hukusanyika Georgetown. Maduka hufungwa, ng'ombe hubanikwa na kugawiwa bure ndani ya mkate, na mpiga mbiu aliyevaa kofia ndefu husimama kwenye roshani ya mahakama kusoma matokeo ambayo kila mtu ameshayajua. Kabla ya hapo, mshindi na mshindwa hupanda gari moja na kuzungushwa mjini. Mshindi hutazama mbele. Mshindwa huketi akimwelekea, mgongo kwa farasi, akienda kinyumenyume mbele ya macho ya watu wote. Mwishowe viongozi wa vyama huzika shoka kwenye sanduku la mchanga, na ugomvi hufukiwa nalo.

Verna Messick alikuwa mfugaji wa kuku, mwanamke mrefu kama mlingoti, mwenye maneno machache. Lakini hayo machache aliyokuwa nayo alijua kuyarudia. Neno lake kubwa lilikuwa njiapanda ya Pusey. Hapo barabara kuu iendayo ufukweni imepita katikati ya majirani: nyumba upande huu, kanisa upande ule. Kiangazi kikifika, magari ya watalii hufuatana kama siafu, na waumini husubiri kuvuka mpaka wimbo wa kwanza unakwisha. Watu walilifanya mzaha, hadi Jumapili moja Bi Hattie, mwalimu wa kwaya, alipogongwa na kuvunjika nyonga.

Verna akaenda kwa mbunge wao wa jimbo, Mheshimiwa Norris Tunnell, akaomba taa za kusimamisha magari. Norris alikuwa dalali wa mnada, mnene, mcheshi, na hakuwa ameshindwa uchaguzi hata mara moja tangu ujana wake. Akamwambia wataliangalia. Akaliangalia mwaka mzima. Uchaguzi ulipokaribia, Verna alivua buti za bandani akaenda kujiandikisha kugombea kiti hicho.

Alipigwa mweleka wa kutupwa. Wapo waliosema hata kuku wake wasingempigia kura. Alhamisi ilipofika alipanda gari kama desturi inavyotaka, akaketi kinyumenyume, uso moto kama aliyeinamia tanuri. Vijana wa njiani wakamuuliza kama anaona alikotoka. Alitamani ardhi impasukie. Kisha akainua macho, akamwona Norris ameketi mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana, na hana pa kukimbilia mpaka farasi wamalize mzunguko.

"Mheshimiwa," alisema, "ile njiapanda."

Norris aliendelea kupungia watu mkono, tabasamu limeganda. "Dada Verna, leo ni sikukuu."

"Ndiyo. Na Jumapili ni ibada. Sasa sikiliza."

Akamsikilizisha hadi mahakamani.

Miaka miwili baadaye aligombea tena, akashindwa tena, ingawa safari hii hakuna aliyetaja kuku. Alhamisi alipanda gari mwenyewe bila kushikwa mkono. Norris alipomwona akajaribu kuanzisha habari za mvua na bei ya mahindi, lakini Verna alimwacha azimalize, kisha akarudi palepale pa zamani. Watu wa njiani waliuona mdomo wake ukienda na kichwa cha mbunge kikiinama, wakacheka wakasema Tunnell ameshinda kiti, amepoteza masikio.

Mara ya tatu mambo yalibadilika. Verna alikuwa amepita mlango kwa mlango, mbwa wa Pusey wote wanamjua, na Jumanne usiku ilielekea kana kwamba amepata. Mwisho akakosa kwa kura chache mno. Jumatano zikahesabiwa upya, matokeo yakabaki yaleyale. Hapo moyo ulimwuma kuliko mara zote, kwa maana kukosa mbali kunachosha, lakini kukosa karibu kunakata.

Alhamisi asubuhi wifi yake, Thelma, aliyemsimamia kampeni tangu siku ya kwanza, alimkuta jikoni amevaa aproni, anakanda unga wa maandazi ya kuchemshwa ndani ya supu ya kuku kana kwamba ni siku kama nyingine. Thelma akamwambia amefanya vizuri kubaki. Akasema zile kura haziingii akilini, lazima kuna mkono wa mtu, na kwamba akipanda lile gari leo atakuwa ameuambia ulimwengu ameridhika.

"Na watu watasema umezoea, wifi. Watasema Verna anagombea kwa sababu anapenda kuzungushwa bure."

Verna aliendelea kukanda. Alimjua kila aliyezihesabu zile kura. Mmoja wao ndiye aliyemzalishia ng'ombe wake. Hakuona wizi. Aliona kushindwa tu, kumekaa mezani kama mgeni asiyeaga.

"Nimeshindwa, Thelma," alisema hatimaye.

"Usiseme hivyo."

"Nimeshindwa. Na nisipokwenda, nani atamkalia mbele yule mzee?"

Akafungua aproni. Thelma, mkali wa maneno lakini mwepesi wa miguu, alikuwa ameshachukua funguo za gari.

Walipofika Georgetown maandamano yalikuwa yamekwama. Bendi imesimama, farasi wanapiga kwato, msimamizi anafuta jasho. Gari la mbele lilikuwa la Norris, naye alikuwa ameketi humo mikono kifuani, anawaambia watu kwamba halitang'oka mpaka Verna aje. Verna alipojitokeza, unga bado kwenye viwiko, watu wakampisha njia kwa vigelegele.

"Umechelewa," Norris alisema.

"Nilikuwa nanuna."

"Unayo haki. Panda."

Gari lilipoanza kwenda, Verna alifungua mdomo, lakini Norris akamtangulia. Alisema katika miaka yake yote amepanda na washindwa wengi. Wengine walimlaani kimoyomoyo njia nzima, wengine hawakuja kabisa, na mpaka leo hajui walichokuwa wakikitaka. "Wewe umenifanya niijue njiapanda ya Pusey kuliko jikoni kwangu. Mke wangu anasema naitaja usingizini."

Baridi ilipokwisha aliupeleka mswada wa taa katika Bunge la jimbo kule Dover, na akamwalika Verna aje aueleze mbele ya kamati. Verna alieleza kwa ufupi, akarudia, wabunge wakacheka na kumpigia makofi. Hata hivyo kikao kilifungwa kabla ya mswada kupigiwa kura, na Norris, miguu ikiwa imeshamchoka, akatangaza kwamba hatagombea tena. Atakayekaa kwenye kiti chake ndiye atakayeufufua mswada au kuuacha uzikwe.

Basi mara ya nne Verna hakukabiliana na Norris, bali na Grant Lofland, kijana mtanashati aliyekuwa akiuza nyumba za ufukweni. Lofland alisema waziwazi kwamba taa zitawachelewesha wageni. Alikuwa na mabango kila kona, na uso wake kwenye mabango hayo ulikuwa mkubwa kuliko dirisha la kanisa. Verna alikuwa na miguu yake. Ila sasa, kila alipobisha hodi, hata katika nyumba za chama kingine, alikuta watu wanamcheka kwa upendo: huyu si yule wa kinyumenyume? Ingia, mama, kahawa ipo. Watu waliokuwa wamemwona akishindwa mara tatu bila kutukana mtu walihisi wanamfahamu. Hawakuwa na hofu ya kumpa kitu, kwa kuwa walishajua anavyokuwa akinyimwa.

Jumanne ile Verna Messick alishinda.

Lofland alitangaza kwamba ameonewa. Kura zikahesabiwa upya, Verna akazidi kuongoza. Alhamisi Lofland alituma ujumbe kwamba hawezi kushiriki mchezo wa farasi.

Umati ulikuwa umejaa hadi ngazi za mahakama. Verna alikuja amevaa koti jekundu aliloshonewa na Thelma, akapanda gari, akaketi, akaanza kupunga mkono. Kicheko kikaanzia nyuma ya bendi, kikasambaa kama moto wa nyasi. Hakuelewa. Akajitazama koti, akajigusa kofia. Thelma ndiye aliyemfikia, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Wifi, geuka! Umekalia kiti cha mshindwa!"

Kweli, miguu ilikuwa imempeleka ilikozoea. Verna akacheka mpaka akashika mbavu, akahamia upande wa pili. Mbele yake kiti kikabaki kitupu, na kicheko kikapungua kidogo, kwa kuwa gari lenye kiti kitupu siku ile halijawahi kupendeza macho huku kwetu.

Hapo Norris Tunnell akatoka kwenye umati na mkate wake wa nyama mkononi, akaanza kupanda, akihema. Msimamizi akamnong'oneza kwamba yeye hakugombea, hivyo hakushindwa.

"Ndiyo maana," alisema Norris. "Nimezeeka, sijaonja. Nisogezeeni hicho kiti." Akaketi kinyumenyume, akatazama mji ukimwondokea. "Kumbe ndivyo kulivyo," alisema. Kisha akamwegemea Verna, magoti yao yakikaribia kugusana. "Mheshimiwa, kuna mtaro nyuma ya nyumba yangu unaofurika. Sasa sikiliza."

Verna, mbunge mpya, alisikilizishwa hadi mahakamani.

Kiangazi kilichofuata taa ziliwaka Pusey, na Bi Hattie, kwa mkongojo wake, alivuka wa kwanza, polepole, msururu wa magari ya ufukweni ukimngoja. Uchaguzi uliofuata Lofland aligombea tena. Kila mlango alioubisha alielezea mipango yake vizuri, na kila mlango ulimjibu kwa swali moja: ukishindwa, utapanda gari? Alijibu kwamba safari hii hatashindwa. Wakamtakia siku njema, wakafunga mlango taratibu. Jumanne alishindwa vibaya kuliko kwanza, na Alhamisi hakuonekana. Tangu hapo hakuna aliyemhesabu tena miongoni mwa wagombea, kwa sababu asiyekubali kushindwa si mshindani.