Mtumbwi Usiomtosha Aliyeuunda

Hii nimeletewa na mtu, nikacheka, halafu nikairudia tena. Isome mpaka chini, kisha mpelekee mmoja unayempenda.

Palikuwa na mzee mmoja kwenye kisiwa cha ziwani, jina lake Mafuru. Enzi zake alikuwa fundi wa mitumbwi hasa, wa kuitwa mpaka visiwa vya mbali. Mgongo ulipomgomea akaacha randa, akabaki na ramani zake za mitumbwi, alizozichora mwenyewe na kuzihifadhi ndani ya bomba la plastiki. Yeyote aliyetaka kujiundia mtumbwi wake wa kwanza nyumbani alikwenda kwa Mzee Mafuru, akachagua ramani, bure.

Lakini mzee alikuwa na ugonjwa wake. Kati ya ramani zote aliipenda moja, aliyoiita Malkia: mashua ya tanga, tumbo pana, pua imeinuka, ya kubeba watu kumi na mizigo yao. Kila mgeni alionyeshwa Malkia kwanza, na kila mgeni aliondoka nayo. Nani aonyeshwe Malkia achague nyingine? Nyuma ya nyumba ya jirani yake, Maingu, mbavu za Malkia zilikuwa zimesimama tangu mwaka juzi, kuku wanatagia humo. Ukimwuliza Maingu anakwambia, "Bado kidogo tu."

Siku moja akaingia Manyama, fundi cherehani wa pale sokoni, jitu refu mpaka hujigonga kichwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunipima suruali?"

"Safari hii nataka kuunda mtumbwi. Sijawahi kuunda hata kigoda, lakini nimechoka, mzee wangu."

Mzee hakuuliza amechoka na nini, maana kisiwa kizima kilijua. Mke wa Manyama, Nyabise, alikuwa mkunga. Wajawazito wengi walikuwa ng'ambo ya ghuba, na kuzunguka kwa barabara ni nusu siku. Akipigiwa simu, Nyabise alibeba mkoba wake, akasimama ufukweni kumsubiri mwanamume mwenye mtumbwi. Majuzi alisubiri mpaka wavuvi waliporudi. Alipofika ng'ambo, mtoto alishazaliwa na mama amepoteza damu nyingi, akapona kwa rehema za Mungu tu. Nyabise alirudi nyumbani akakataa chakula. "Manyama," akasema, "safari ijayo nitakuta maiti."

Mzee akaitandaza Malkia mkekani. "Hii hapa! Utampeleka mkeo kama bibi harusi, na siku nyingine utabeba abiria."

Manyama aliitazama kwa muda mrefu. "Mzee, mkono wako umebarikiwa. Kumbe mtu anaweza kuchora hivi! Ila nionyeshe na nyingine."

Akaanza maswali ya ajabu. Mtumbwi huu ukilowa una uzito gani? Mtu mmoja anaweza kuusukuma kutoka mchangani mpaka majini? Na kama mtu huyo ni mfupi? Mwisho akachomoa karatasi iliyokuwa chini kabisa, ya mtumbwi mdogo wa mbao nyembamba, chini bapa, vipande vitano tu vya kukata na kuunganisha. Mzee aliuchora akiwa bado anajifunza kazi, na hakuwahi kuupa jina.

"Huo? Ala! Hilo si hori la mbuzi?" mzee akasema. "Litazame umbo lako, Manyama. Hutaenea humo!"

"Naomba huu huu, mzee."

Juma lile mzee akapita kwa Manyama kumwonya tena, akakuta kituko. Manyama alikuwa amechana mifuko ya saruji, amekata vipande vyote vya ramani kwa ukubwa wake kamili, na kuvishona kwa cherehani vikawa mtumbwi wa karatasi katikati ya ua. Alipojaribu kukaa ndani, magoti yakamfika masikioni.

"Unaona sasa?" mzee akang'aka.

"Naona, mzee," akajibu Manyama akitabasamu, akachukua tepu yake, akaendelea kupima.

Habari zikaenea. Sokoni wakambandika jina, nahodha wa karatasi. Yeye akawa anacheka nao, asubuhi anashona sare za shule, jioni anapiga randa. Ubao mmoja aliukosea, akakata mwingine. Kuku wa kwake hawakupata nafasi ya kutaga humo.

Siku ya kuushusha majini, ufukwe ulijaa watu, wengine wamefuata kicheko tu. Mzee Mafuru akawekewa kiti mbele. Wote wakamsubiri Manyama akunje suruali aingie.

Manyama akampa mkewe kasia. Halafu akarudi nyuma, akafunga mikono mgongoni, asije akajisahau akasaidia.

Nyabise, ambaye kichwa chake kinaishia kifuani kwa mumewe, akainama, akausukuma mtumbwi. Ukateleza mchangani mpaka majini. Akaruka ndani, mkoba miguuni, viwiko vinapita bila kugusa ubavu. Akapiga kasia mpaka kwenye matete, akageuza, akarudi, akauvuta mpaka nchi kavu. Hakuna aliyemshika mkono.

Mzee akamgeukia Manyama. "Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi sizalishi, mzee."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mafuru alifuta macho, akasingizia jua.

Haikupita muda. Mchana mmoja simu ikaja kutoka ng'ambo. Manyama alikuwa amekwenda mjini kupeleka sare, na wavuvi wote walikuwa majini. Nyabise hakusimama ufukweni kumsubiri mtu. Aliusukuma mtumbwi wake, akavuka, akamkuta mama hoi, mtoto ametanguliza miguu. Wote wawili wako hai mpaka leo, na mtoto mwenyewe ni mtundu ajabu.

Mzee aliposikia, akaomba ramani yake irudishwe. Akachukua penseli, na pale juu palipokuwa patupu miaka yote akaandika: NYABISE. Kisha akamtazama Manyama, aliyekuwa ameileta, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa fundi yeyote wa mbao.

Tangu siku hiyo, ukienda kwa Mzee Mafuru kutaka ramani, hafungui bomba kwanza. Anakuuliza, "Nani atausukuma mtumbwi huu majini siku ambayo wewe hutakuwepo?" Maingu naye ameulizwa. Bado anafikiri.

Funzo: Ukitaka kumfanyia mtu jema, anza kwa kuchukua vipimo vyake yeye, usikate kwa kipimo cha macho ya watazamaji, wala cha sifa zako mwenyewe.